Vocha ya Wi-Fi nayo ipimwe mizani

BIDHAA moja ngeni imepata nafasi kwenye meza za maduka ya mijini na pembezoni, kando ya vocha za simu, umeme wa LUKU na sabuni. Ni vocha ya Wi-Fi: kipande cha karatasi chenye tarakimu ambazo mnunuzi akiziingiza kwenye simu yake huunganishwa na intaneti kupitia kituo cha umma cha kampuni inayotoa huduma hiyo. Bei ya vocha hiyo inajulikana na muda wake unajulikana. Kiasi cha intaneti atakachopata mnunuzi ndani ya muda huo ndicho kisichoandikwa popote.

Sukari hupimwa kwa kilo, mafuta ya taa kwa lita, kitambaa kwa mita. Nchi hii imepigana miaka mingi na lumbesa hadi sheria ikaweka ukomo wa kilo 100 kwa gunia la mazao, na Wakala wa Vipimo akapewa kazi ya kukagua mizani sokoni. Intaneti inayouzwa kwa vocha imeponyoka katika utaratibu huo. Wafanyabiashara wadogo, ambao ndio wanunuzi wakubwa wa huduma hii, hawana budi kudai kipimo kabla mazoea mabaya hayajaota mizizi.

Kata ya Zuzu, magharibi mwa katikati ya Jiji la Dodoma, ni mahali pazuri pa kuanzia hesabu hii. Wengi nje ya Dodoma wamelisikia jina la Zuzu kwa sababu ya kituo cha TANESCO cha kupozea umeme, kilicho kwenye njia ya gridi ya msongo wa kilovolti 400 itokayo Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga. Mteja wa mwisho wa umeme huo, akinunua LUKU ya Sh 2,000, risiti humwonyesha idadi ya uniti alizopewa, pamoja na kodi na tozo alizokatwa. Hakuna mwenye duka atakayekubali kuuziwa "umeme wa siku nzima" bila kuambiwa ni uniti ngapi. Intaneti ya siku nzima anainunua bila kuuliza.

Suala hili si dogo kwa watu wa pembezoni mwa makao makuu. Tangu ilipotangazwa Julai 2016 kuwa Serikali inahamia Dodoma, na mji huo kupandishwa hadhi kuwa Jiji Aprili 2018, makazi na biashara vimekuwa vikisogea kuelekea kata za nje. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji hilo. Uchumi wa kata hizo bado unategemea shamba na duka, na siku hizi vyote viwili vinategemea simu.

Zabibu, ambayo Dodoma huvunwa misimu miwili kwa mwaka, ikishaiva haisubiri. Mkulima anayemtumia mnunuzi picha ya kreti, dalali anayeulizia bei ya mahindi Kibaigwa au ya alizeti Singida, mwenye duka anayeagiza mzigo Dar es Salaam, na mwekezaji mdogo anayetazama bei za hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, wote wanahitaji intaneti inayofanya kazi saa wanayoihitaji. Picha ikifika jioni badala ya asubuhi, lori limekwisha kuondoka na mzigo wa mwingine.

MTEJA WA PILI HUMPUNJA WA KWANZA

Tatizo la kwanza linatokana na asili ya bidhaa yenyewe. Mwenye duka akimuuzia mteja mmoja kilo ya sukari, kilo ya mteja aliyetangulia haipungui. Kwenye Wi-Fi inapungua. Kituo kimoja hulishwa na laini moja yenye uwezo wenye kikomo, na wote waliounganishwa hugawana uwezo huo.

Tuseme kituo kina laini ya megabiti 20 kwa sekunde. Wateja 10 wakitumia kwa wakati mmoja na kwa usawa, kila mmoja hupata megabiti 2. Wakifika 40, kila mmoja hubakiwa na nusu megabiti. Kwa kasi hiyo picha moja ya MB 2 huchukua nusu dakika hata kama hakuna hitilafu yoyote, na kwa kawaida huwa ipo. Akiingia kijana mmoja anayetazama mpira kwa video ya megabiti 5, peke yake amechukua robo ya laini.

Hewa nayo ina msongamano wake. Katika masafa ya gigahezi 2.4, ambayo simu nyingi za bei nafuu hutumia, njia zisizoingiliana ni 3 tu. Maduka manne yaliyopangana mstari mmoja yakifungua kila moja kituo chake, angalau mawili yatapigiana kelele. Aidha, simu iliyo mbali na kituo hutumia muda mrefu zaidi kupeleka ujumbe ule ule, na hivyo kuwachelewesha walio karibu. Mteja anayeona alama ya Wi-Fi imejaa kwenye simu yake hudhani kwamba amepata intaneti yote, kumbe alama hiyo inaonyesha tu kwamba simu inakisikia kituo. Haisemi lolote kuhusu laini iliyoko nyuma yake.

KIFAA KIMOJA NI KIPI?

Jambo la pili ni idadi ya vifaa. Vocha nyingi huuzwa kwa kifaa kimoja. Mfanyabiashara mwenye simu mbili na kompyuta ya mapaja huambiwa anunue tatu, au ahamishe vocha kutoka kifaa kimoja kwenda kingine, jambo ambalo baadhi ya mitambo hukubali na mingine hukataa. Mara nyingi masharti hayo hayaonekani kwenye karatasi. Mnunuzi huyafahamu baada ya kulipa.

Yako pia mabadiliko ya kitaalamu ambayo wateja wengi hawajaelezwa. Mitambo mingi hukitambua kifaa kwa namba yake ya utambulisho, ile inayotumika katika mawasiliano ya Wi-Fi. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu kwa kawaida huficha namba halisi na kuonyesha namba ya kubuni kwa kila mtandao, ili mwenye simu asifuatiliwe anakopita. Ni ulinzi mzuri. Lakini namba hiyo ikibadilika, mathalani mteja anapofuta mtandao kwenye simu na kuuingiza upya, mtambo wa vocha unaweza kumwona kuwa kifaa kipya. Vocha aliyoilipia asubuhi inakataliwa mchana, na muuza duka hana maelezo.

Dawa ya usumbufu huo ni rahisi: mteja akishanunua vocha asifute mtandao huo kwenye simu yake wala kubadili mipangilio ya namba hiyo hadi muda uishe. Hata hivyo si haki kumwachia mnunuzi peke yake mzigo huu. Kampuni inayouza kwa kifaa ndiyo yenye wajibu wa kueleza kifaa kinatambuliwaje, na kutoa njia ya kukihamisha.

Jambo la tatu ni saa zinazokimbia bila huduma. Vocha ya saa 24 huanza kuhesabiwa mteja anapoingia, na kwa kawaida haisimami umeme ukikatika dukani au laini ikianguka. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Aliyenunua vocha ya muda asubuhi ya siku kama hiyo amenunua saa za ukutani. Mwenye LUKU umeme ukikatika uniti zake humsubiri.

BANDO LINA MZANI WAKE

Watetezi wa vocha husema kwamba ni nafuu kuliko bando la simu. Mara nyingi ni kweli, lakini unafuu huo hauwezi kuthibitishwa bila kipimo. Bando lina idadi ya MB, na bei zake zimekuwa zikijadiliwa hadharani, hata bungeni. Mwaka 2022 Serikali ilitaja kiwango cha kati ya Sh 2.03 na Sh 9.35 kwa MB moja. Kwa hesabu hiyo GB moja ni kati ya Sh 2,100 na Sh 9,600 hivi. Mnunuzi anaweza kulinganisha kampuni na kampuni.

Mwenye vocha ya Sh 1,000 kwa siku hawezi kulinganisha. Akifanikiwa kupakua GB 3, amepata bei ambayo bando haliwezi kuifikia. Akipata MB 100 kwa sababu kituo kilijaa, amelipa Sh 10 kwa kila MB, zaidi ya kiwango cha juu cha bando. Karatasi ni ile ile na bei ni ile ile. Biashara ya namna hii inafanana na kununua zabibu ndani ya kreti lililofunikwa.

Nje ya mipaka kuna mafunzo. Huko Kampala, mtandao wa Wi-Fi wa mradi wa Google uitwao Project Link ulianza Desemba 2015 kwa mtindo wa jumla na rejareja: Google ilijenga, na kampuni za intaneti zikauza kwa wateja. Mwaka uliofuata Serikali ya Uganda ilifungua Wi-Fi ya bure iitwayo MyUG ambayo katika siku za kazi ilitolewa jioni hadi asubuhi, baada ya saa za ofisi. Ilikuwa huduma yenye mipaka, lakini mipaka hiyo ilitangazwa, na mtu alijua mapema lini ataipata na lini hataipata.

India inatoa funzo jingine, hasa kwa mwenye kutaka kuwekeza. Google ilianza kuweka Wi-Fi katika vituo vya reli nchini humo Januari 2016, ikavuka vituo 400, kisha Februari 2020 ikatangaza kujitoa. Sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba bei ya intaneti ya simu ilikuwa imeshuka mno, na watu hawakuihitaji tena Wi-Fi ya kituoni kama mwanzo. Kampuni yenye mtaji mkubwa ilipima soko na kuondoka. Mwenye mtaji wa mkopo wa kikundi hana nafasi hiyo ya kukosea.

MTAJI MDOGO, HESABU KUBWA

Wapo wanaoambiwa kwamba kufungua kituo cha Wi-Fi ni kuvuna fedha hewani. Hesabu ya mfano itasaidia. Laini iwe Sh 100,000 kwa mwezi. Vifaa vya Sh 600,000 vikigawanywa kwa miezi 24 ni Sh 25,000 kwa mwezi. Umeme uwe Sh 15,000. Jumla ni Sh 140,000. Vocha ikiuzwa Sh 500 kwa siku na wakala akibakiza asilimia 10, mwenye kituo hupata Sh 450. Anahitaji kuuza vocha 312 kwa mwezi, yaani 10 hadi 11 kila siku, Jumapili ikiwemo, ili arudishe gharama tu. Ada za leseni, matengenezo na siku za mvua na radi hazimo.

Ili apate faida ya maana ni lazima auze 30 au 40 kwa siku. Hapo ndipo hesabu ya mwanzo inaporudi: wateja 40 wa saa moja kwenye laini ya megabiti 20 wanapata nusu megabiti kila mmoja, wanakasirika, na wiki ijayo wanarudi kwenye bando. Faida ya kituo na ubora wa huduma vinavutana kamba. Mwenye kituo asiyeweza kununua laini kubwa zaidi wateja wanapoongezeka anakula mbegu.

Pia ipo sheria. Kutoa huduma ya mawasiliano ya kielektroniki kwa umma kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na mikataba mingi ya laini za nyumbani hairuhusu mteja kuuza tena. Njia salama kwa mwenye duka ni kuwa wakala wa kampuni yenye leseni, kwa mkataba wa maandishi unaosema nani anabeba gharama laini ikianguka na nani anamrudishia mteja fedha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

FEDHA NA MLANGO WA WAZI

Kituo cha umma ni mlango wa wazi, na wapitao si wote wema. Mtandao usio na neno la siri haufungi mawasiliano kati ya simu na kituo. Benki na programu nyingi kubwa hufunga mawasiliano yake zenyewe, hivyo hatari kubwa zaidi ni utapeli wa jina. Tapeli anaweza kufungua kituo chenye jina lile lile la kampuni, akaweka ukurasa wa kuingilia unaofanana na ule halisi, na kuomba namba ya siri ya akaunti ya simu "ili kulipia vocha".

Kanuni kwa mfanyabiashara ni fupi. Ukurasa wa Wi-Fi unaweza kuomba tarakimu za vocha, lakini hakuna sababu ya kuuambia namba ya siri ya fedha. Huduma za fedha za kubonyeza nyota na reli hazipiti kwenye Wi-Fi hata simu ikiwa imeunganishwa, bali hupita kwenye mtandao wa simu wenyewe. Malipo ya mzigo yakifanywa kwa njia hiyo, na Wi-Fi ikaachiwa picha, bei na barua, hasara hupungua.

Kampuni nazo zina deni. Kurasa nyingi za kuingilia huomba jina na namba ya simu. Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili na azikusanye kwa kusudi linaloeleweka. Mkulima aliyenunua intaneti ya Sh 500 hakuuza namba yake ya simu kwa wapiga debe wa mikopo.

KIPIMO KINAWEZEKANA

Watoa huduma watajibu kwamba kasi ya Wi-Fi haiwezi kuahidiwa, kwa kuwa inategemea simu ya mteja, umbali wake na idadi ya watu. Hoja hiyo ina uzito. Hakuna fundi mwaminifu atakayeahidi megabiti 5 kwa kila mtu saa zote. Lakini kinachodaiwa ni maelezo ya bidhaa, na maelezo hayo kampuni inayo tayari kwenye mitambo yake.

Vocha inaweza kuandikwa mambo manne. La kwanza, uwezo wa laini ya kituo na idadi ya juu ya vifaa vinavyoruhusiwa kwa wakati mmoja, ili kikijaa mtambo ukatae kuingiza mwingine. La pili, idadi ya vifaa kwa vocha moja na njia ya kuhamisha kutoka simu kwenda kompyuta. La tatu, saa zihesabiwe vipi huduma inapokatika kwa kosa lisilo la mteja. La nne, kiasi cha GB ambacho mteja akikivuka kasi hupunguzwa, kama ukomo huo upo. Mambo yote manne yanaenea kwenye karatasi ndogo kama risiti ya LUKU.

Vituo vya bure vinavyofunguliwa na Serikali katika maeneo ya umma, masoko yakiwemo, visiachwe nje ya utaratibu huo. Huduma ya bure isiyojulikana inafungwa saa ngapi au inabeba watu wangapi humpotezea mchuuzi asubuhi yake sawasawa na ile ya kulipia. TTCL iliweza kufikisha intaneti ya kasi katika Mlima Kilimanjaro mwaka 2022, kuanzia kituo cha Horombo kilichoko mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Kubandika tangazo la saa na uwezo wa kituo katika soko lililoko tambarare hakuhitaji kupanda mlima wowote.

TCRA ina mamlaka ya kuweka masharti hayo kwa wenye leseni. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano lipo kwa ajili ya kupeleka malalamiko ya namna hii. Kazi ya wafanyabiashara wa Zuzu na kwingineko ni kuacha kulalamika mmoja mmoja mbele ya muuza duka asiye na uwezo, na badala yake kupeleka hoja kwa maandishi kupitia vyama vyao, wakiwa na vocha mkononi, tarehe, saa, na kile walichoshindwa kukifanya.

Kabla ya hapo, mnunuzi wa vocha aulize maswali matatu dukani: laini ni ya megabiti ngapi, vocha inaingia kwenye vifaa vingapi, na umeme ukikatika saa zinahesabiwaje. Muuzaji asiyeweza kujibu hata moja anauza asichokijua, na fedha hiyo ni afadhali inunue bando lenye MB zilizoandikwa.